Makaa Juu ya Jiwe

Siku za kuoka mkate, Leonilde aliamshwa kabla ya jogoo, na kwa njia moja tu: kuvutwa blanketi. Bibi yake, Perpetua, hakuwa mtu wa kubembeleza. Baridi ya Novemba ikishakushika miguu, huna haja ya kuitwa mara ya pili.

"Tanuri halijiwashi lenyewe," alisema Bibi. "Mpitie binamu yako, na msiende kucheza huko."

Pale Urzedo, kijiji cha mawe katika milima ya kaskazini mwa Ureno, hakuna nyumba iliyokuwa na tanuri lake. Lilikuwako moja la kijiji kizima, ndani ya kibanda kando ya kanisa, na watu walioka kwa zamu, mlango kwa mlango. Nyumba ikimaliza kuoka, iliweka mkate wake wa kwanza juu ya Jiwe, na nyumba inayofuata ikaja kuuchukua pamoja na ufunguo. Asiyewekewa mkate hana zamu. Na mtu asiye na zamu Urzedo alihesabiwa mgeni, hata kama mababu zake wote wamezikwa pale.

Jiwe lenyewe lilisimama karibu na mdomo wa tanuri, likimfikia Leonilde kifuani. Lilikuwa madhabahu ya Warumi wa kale. Juu lilikuwa na kishimo cha mviringo, na mbele lilichongwa maneno ambayo padri aliwahi kuwasomea: mtu fulani alimwekea mungu wake nadhiri, akaitimiza kwa hiari. Mungu huyo alikwisha sahauliwa, lakini Jiwe lilipendwa pale kuliko watu wengi walio hai. Kila mtoto alifundishwa sharti moja kabla hajajua kuhesabu: usiweke moto juu ya Jiwe. Kwamba enzi za Warumi moto ndio uliokuwa kazi yake, hilo halikumhusu mtu.

Asubuhi ile Leonilde, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, na binamu yake Graciete, aliyemzidi mwaka mmoja na maneno mengi, walilisha tanuri kuni mpaka kuba lake likawa jeupe ndani kwa moto. Kisha wakaanza kuyavuta makaa kwa reki ndefu. Makaa yalitakiwa kupelekwa nje, kwenye shimo la majivu, na nje mvua ilikuwa inapiga kwa ubavu, nusu maji, nusu barafu.

"Mimi sitoki," alisema Graciete. Akatoa mfukoni konzi ya kastanya, zile kokwa za kahawia walizookota msituni. "Tuzichome humu humu. Kishimo kile cha Jiwe unadhani kilichimbwa kwa kazi gani?"

"Bibi atatuchuna ngozi."

"Bibi yuko nyumbani, mikono yote imo kwenye unga. Au unaogopa? Sema tu unaogopa, nitawaeleza wenzetu darasani."

Leonilde alijua kwamba Graciete angewaeleza kweli, na angeongeza chumvi. Akachota makaa kwa koleo, akayamimina kishimoni. Yalikaa sawasawa. Wakatia kastanya, wakachuchumaa, wakaota moto na kula, na makaa yalipofifia wakaongeza mengine. Kwa kweli walistarehe. Ndipo waliposikia viatu vya mbao vya Bibi vikigonga mawe ya njia.

"Zima," alinong'ona Graciete. "Zima upesi."

Kulikuwa na ndoo ya maji ya kupigia deki sakafu ya tanuri. Leonilde aliinyanyua, akaimwaga yote juu ya Jiwe. Mvuke ulipanda mpaka darini, na ndani ya mvuke ule ukatoka mlio mkavu. Kona ya mbele ya Jiwe ilibanduka, ikaanguka miguuni mwao. Ilikuwa na ukubwa wa mkate mdogo, na juu yake zilikuwamo herufi tatu.

Hakuna aliyelia, nafasi ya kulia haikuwapo. Graciete aliburuta mbao za kupangia mikate, akaziegemeza palipovunjika. Leonilde akakifunga kile kipande katika aproni yake. Bibi alipoingia na beseni la unga kichwani, aliwakemea kwa moshi, akawakemea kwa sakafu kulowa, akaanza kuoka. Kibanda kile kilikuwa na giza hata mchana. Mkate wa kwanza ulipotoka, Graciete alijitolea kuuweka juu ya Jiwe mwenyewe. Jioni Leonilde alikizika kile kipande zizini, chini ya majani makavu wanayolalia mbuzi.

Nyumba iliyofuata katika zamu ilikuwa ya Adosinda. Mjane huyu, ambaye watoto wote walimwita shangazi kwa heshima tu, alirudi mwaka uliopita baada ya kufanya kazi Ufaransa nusu ya maisha yake, akarudi na miwani minene na ulimi usiojua kupumzika. Kwenye mkutano wake wa kwanza alisimama akasema Jiwe lipelekwe makumbusho ya mjini, maana pale linafukizwa moshi kama paja la nguruwe. Tangu siku hiyo watu walimsalimu shingo upande. Leonilde naye hakumpenda. Adosinda aliwahi kumwambia mbele ya watu kwamba anafagia kama mtu anayepapasa paka.

Adosinda aliuchukua mkate na ufunguo, akaoka siku yake, akafunga mlango. Zile mbao hakuzigusa. Kesho yake aliingia Abilio, mzee wa kijiji aliyechaguliwa kwa mwaka ule, aziondoe afagie. Baada ya muda mfupi kengele ya kanisa ikalia.

Kengele ile ilipigwa kwa mambo matatu: moto, kifo na mkutano. Angalau mtu mmoja kutoka kila nyumba alifika uwanjani. Leonilde alisimama nyuma ya bibi yake, mikono chini ya kwapa.

"Aliyekuwa na ufunguo wa mwisho ni nani?" aliuliza Abilio, ingawa kila mtu alijua.

"Mimi," alisema Adosinda. "Na nilikuta mbao zimeegemezwa pale, nikaziacha. Macho yangu mnayajua."

"Macho hayaoni, lakini nyundo inaona," alisema mtu mmoja kwa nyuma, na watu wakacheka kicheko kibaya.

"Si wewe uliyetaka liende mjini?" alisema Bibi Perpetua. "Ulipoona hatutaki, umeanza kulipeleka kipande kipande."

"Perpetua, mimi nikitaka kuiba, kwako kuna kuku wanono zaidi. Jiwe la nini?"

"Kiko wapi kipande?"

"Mwulize aliyekivunja."

Leonilde alisikia masikio yakimchoma. Alimtazama Graciete aliyekuwa upande wa pili na mama yake. Graciete alikuwa anaangalia mnara wa kanisa, kana kwamba anahesabu njiwa.

"Wanaotaka nyumba ya Adosinda itolewe kwenye zamu," alisema Abilio, "wanyoshe mikono."

Mikono ikanyoshwa. Wengi wape, na siku ile walikuwa wote. Mkono wa Bibi ulitangulia. Adosinda aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akarekebisha miwani, akaenda zake bila kuaga.

Usidhani kwamba kutolewa kwenye zamu ni jambo la mkate peke yake. Mbuzi wa kijiji walichungwa pamoja kwa zamu; sasa mchungaji aliwarudisha wa Adosinda mlangoni kwake, akawaacha wakirandaranda. Dukani alipongojea, walihudumiwa wote, hata waliokuja baada yake. Mtu fulani alimwagia samadi kizingiti chake. Watoto walipopita nyumbani kwake waligonga jiwe kwa jiwe, ko, ko, ko, na Graciete aligonga kwa nguvu kuliko wote.

"Unagonga nini wewe?" Leonilde alimkoromea njiani kwenda shule. "Unajua ni nani aliyevunja."

"Najua. Wewe. Nani alimwaga maji?"

"Nani alisema zima?"

"Mimi nilisema uzime moto, sikusema uvunje Jiwe." Graciete alimshika mkono, akamfinya. "Nisikilize. Yule mama kila mtu alimchukia tangu zamani. Hakipungui kitu. Sisi tukisema, kesho samadi itamwagwa kwetu. Unataka hiyo?"

Leonilde hakuitaka. Kwa hiyo alinyamaza, na siku ya pili akanyamaza, na akaona kwamba kunyamaza kunazoeleka kama baridi: unaacha kutetemeka, lakini hupati joto.

Siku moja alitumwa kumpelekea bibi yake chumvi pale tanurini. Bibi alikuwa anamsaidia jirani kuoka. Adosinda alitokea na beseni lake, kitambaa cheupe juu yake. Unga ulikuwa umeumuka vizuri, umekiinua kitambaa.

"Sikuja kuomba zamu," alisema mlangoni. "Tanuri bado lina moto, na nyie mmemaliza. Nipeni joto linalobaki. Ni mikate minne tu."

Bibi Perpetua aliutazama unga ule, kisha akamtazama mwenyewe. Mama zao waligombania mfereji wa maji ya shamba, na ugomvi huo walirithishwa pamoja na mashamba.

"Joto la Urzedo ni la watu wa Urzedo," alisema, akaufunga mlango.

Adosinda alikaa pale nje akiwa ameshika beseni. Leonilde alikuwa hatua chache kutoka kwake na pakiti ya chumvi mkononi. Aliona kidevu cha yule mama kikitetemeka kidogo, kisha kikatulia.

"Unatazama nini?" alisema Adosinda. "Nenda kampe bibi yako chumvi. Hana ya kwake."

Akaenda akawamwagia kuku unga ule wote. Leonilde alimwona akiukung'uta kwenye beseni kwa vidole, mpaka wa mwisho. Aliona aibu, na usiku ule hakula.

"Bibi," alisema jikoni, kila mtu alipokwisha kuondoka mezani, "Jiwe nilivunja mimi. Tuliweka makaa juu yake. Nikamwaga maji."

Bibi alikuwa anasugua sufuria. Mkono ulisimama, kisha ukaendelea.

"Umeota," alisema.

"Sikuota. Kipande kiko zizini."

"Basi kikae huko huko." Bibi aligeuka, na Leonilde akarudi nyuma bila kutaka. "Nilinyosha mkono wangu kabla ya wote, mbele ya kijiji kizima. Unataka nikayalambe matapishi yangu? Na kwa ajili ya nani, yule? Wewe hujasema, nami sijasikia. Nenda kalale."

Hapo ndipo Leonilde alipokasirika. Alikuwa amejiandaa kupigwa. Hakuwa amejiandaa kukuta kwamba ukweli hautakiwi, kwamba aliokuwa akiwaogopa wanaridhika zaidi na uongo wake. Alilala na hasira hiyo, akaamka nayo.

Asubuhi alifukua kile kipande, akaenda moja kwa moja kanisani, akavuta kamba ya kengele. Hakuna mtoto aliyewahi kufanya hivyo. Watu walikuja mbio wakidhani kuna moto, wengine na ndoo, na walipomwona ni yeye walikasirika kama watu waliotapeliwa.

"Mpigeni kofi arudi kwao," alisema mtu.

"Jiwe nilivunja mimi," alisema Leonilde. Sauti ilimtoka nyembamba, akaisukuma. "Si shangazi Adosinda. Kipande ni hiki."

Abilio alikichukua, akakigeuza, akazitambua zile herufi tatu. Watu wakasogea.

"Umekiokota wapi?"

"Sikukiokota. Nilikificha mimi. Tuliweka makaa kishimoni kuchoma kastanya, halafu nikamwaga maji, likapasuka."

"Kalishwa maneno huyu," alisema mama yake Graciete. "Adosinda kamhonga peremende za Ufaransa."

Adosinda alikuwa amesimama pembeni, mbali na wote. "Mimi nimhonge mjukuu wa Perpetua?" alisema. "Afadhali nimhonge mbuzi."

"Mtoto," alisema Abilio, na hakuwa na ukali, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi, "Jiwe lile limekaa pale tangu Warumi. Theluji imeliangukia, kuta zimeliangukia. Haliwezi kupasuliwa na ndoo ya maji. Lilipigwa nyundo. Nenda nyumbani."

"Nipeni jiwe jingine," alisema Leonilde.

"La nini?"

"Leo ni zamu ya nyumba yako, makaa yapo. Hori la nguruwe lililovunjika pale nyuma ya kanisa ni jiwe la aina ile ile. Nipeni makaa niwaonyeshe. Lisipopasuka, mtanifanya mnavyotaka."

Watu wakacheka. Lakini mwanamume mmoja alikwenda kuliburuta lile hori, na mwingine akaleta makaa kwa koleo, kwa sababu kila mtu alitamani kumwona mjukuu wa Perpetua akiaibika. Leonilde alilijaza makaa. Yalipofifia aliongeza mengine, kama walivyofanya siku ile. Ilikuwa kazi ya muda mrefu, na baridi ilikuwa kali, lakini hakuna aliyeondoka. Bibi Perpetua peke yake ndiye aliyekuwa hatazami makaa. Alimtazama mjukuu wake, na kitambaa chake cha kichwa alikikaza mara kwa mara.

Leonilde alichukua ndoo kwa mtu aliyekuja nayo kuzima moto. Akaimwaga yote kwa pamoja.

Mvuke ulipanda. Kisha ukasikika mlio ule ule mkavu, na ukingo wa hori ukabanduka, ukaanguka kwenye matope. Abilio aliuokota, akautupa upesi kwa sababu ulikuwa bado wa moto, akauokota tena kwa kofia yake. Akauweka karibu na kile kipande cha Jiwe. Vyote viwili vilikuwa vimevunjika bapa, na pande zote mbili jiwe lilikuwa limegeuka jekundu kwa moto. Alama ya nyundo haikuwapo popote.

"Ni kweli," alisema Graciete ghafla, akaanza kulia. "Mimi ndiye niliyesema tuchome."

Mama yake alimpiga kofi, lakini kofi halikurudisha maneno. Kikulacho ki nguoni mwako, na kila mtu pale alikuwa anajikagua nguo.

Abilio alikohoa. "Basi. Wanaotaka nyumba ya Adosinda irudi kwenye zamu, wanyoshe..."

"Shusha mkono wako, Abilio," alisema Adosinda. Alisogea hadi katikati. "Mlinitoa kwa mikono, kimya kimya. Mkono hauna aibu. Mtanirudisha kwa midomo, mmoja mmoja, huku mnanitazama. Ama sivyo nitakula mkate wa dukani mpaka nife, na mtanizika hivyo hivyo, mkijua."

Hawakupenda. Walitazama viatu vyao, walitazama mnara. Lakini Abilio alianza: "Nyumba ya Adosinda ina zamu." Wengine wakafuata, wengine kwa kunung'unika, na Adosinda aliwalazimisha wanung'unikaji kurudia. Bibi Perpetua alikuwa wa mwisho.

"Nyumba ya Adosinda ina zamu," alisema. Angeweza kuishia hapo, na hakuna mtu ambaye angejua zaidi. Alimtazama Leonilde aliyekuwa bado ameshika ndoo tupu. "Na mimi nilijua tangu jana. Mtoto alinieleza, nikamnyamazisha."

Minong'ono ilipita uwanjani. Adosinda aliitikia kwa kichwa, mara moja.

Kipande cha Jiwe kilitunzwa sandukuni kwa padri mpaka mtaalamu wa makumbusho alipopanda kutoka mjini, akakirudishia mahali pake kwa gundi na vijiti vya chuma. Jiwe lilibaki Urzedo. Adosinda alipinga, akashindwa, akaendelea kupinga. Leonilde na Graciete walipewa kazi ya kuzoa majivu ya tanuri kwa kila nyumba, mpaka majira ya kuchipua. Graciete alizoa akilalamika. Leonilde alizoa tu.

Siku ya zamu ya Adosinda, Leonilde alikuwa peke yake mle kibandani, ameinama na koleo. Yule mama alimsimamia kama kawaida yake.

"Kona ile umeiacha."

"Naiona, shangazi." Leonilde aliifagia. Kisha akauliza swali alilokuja nalo. "Shangazi, umenisamehe?"

"Ulipopiga kengele, ulikuwa unanionea huruma?"

Leonilde alifikiri. Jibu zuri alikuwa nalo ulimini, tayari. Hakulitoa. "Kidogo," alisema. "Zaidi nilikuwa nimechoka kuogopa."

Adosinda alivua miwani, akaifuta majivu kwa pindo la aproni. Bila miwani uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka tu.

"Hilo ni neno la kweli, na humu kijijini nimesikia machache. Sasa nami nikwambie la kwangu. Jiwe ulilivunja kwa ujinga, na ujinga wa mtoto husamehewa siku hiyo hiyo. Ungesema jioni ile ungepigwa kofi moja, ukalala. Lakini mimi hukunivunja kwa ujinga. Kila asubuhi uliamka, ukajua, ukaenda shule. Kosa hufanywa mara moja, binti. Ukilificha, unalifanya upya kila siku, na kila siku kuna mtu analipia." Akavaa miwani yake. "Sijakusamehe. Njoo uniulize tena Pasaka."

"Nitakuja, shangazi," alisema Leonilde.

"Najua utakuja," alisema Adosinda, akaenda kuukanda unga wake.